Kabati la Mvule na Ukuta Uliokunywa Maji

Kwa wiki tatu nilikuwa nikilala nimekaa. Nikilaza kichwa kifua kinabana, nikiketi kinafunguka kidogo, na inhela ambayo zamani ilinitosha mwezi mzima ilikuwa inaisha kabla ya wiki mbili. Ilikuwa Julai 2024, kipindi kile cha baridi na mawingu ambapo watu wa Kitengela hufunga madirisha mapema jioni na hawayafungui mpaka jua lipande. Nililaumu baridi. Nililaumu vumbi la barabara ya Namanga na moshi wa takataka zinazochomwa nyuma ya ploti. Kisha Jumamosi moja mtoto akaangusha kalamu nyuma ya kabati la Baba. Mimi na mume wangu tukalivuta ili aiokote, na hapo nikaona.

Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno changu, rangi ya ukuta ilikuwa imefura na kubanduka kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Juu yake palikuwa na mizunguko ya kijani na kijivu, mingine myeusi tii katikati na myeupe ukingoni, imegusana kama sarafu zilizomwagwa. Mgongo wa kabati, ambao ni plaiwudi, ulikuwa umebeba mizunguko ileile, kila mmoja mkabala na mwenzake wa ukutani. Na harufu ilikuwa ya gunia la mahindi lililolowa.

Harufu hiyo naijua tangu utotoni. Mama alikuwa akifungua gunia ghalani, anaingiza mkono hadi kiwiko, anatoa punje za katikati na kuzinusa. Zikinuka ukungu, gunia lote lilimwagwa, na hata kuku hawakupewa. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na Machakos, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, na 125 kati yao wakafa. Makueni na Machakos ni majirani wa Kajiado, kaunti yetu, mpaka kwa mpaka. Tangu hapo neno aflatoksini lilizoeleka hata kwenye redio za vijijini, na mkulima anayepeleka mahindi kwa Bodi ya Nafaka anajua yatapimwa unyevu, na yakizidi asilimia 13.5 anarudi nayo kwenda kuyaanika. Kwa mahindi tumekuwa watu wenye akili kabisa. Kwa ukuta wa chumba tunacholala, tunanunua ndoo ya rangi.

Sisemi kwamba kuvu ya ukutani inaua kama ile ya mahindi. Ziko aina nyingi na madhara yake hayafanani, na watu wengi huishi na madoa hayo miaka wasiugue. Mume wangu alilala chumba kilekile na hakukohoa hata mara moja. Lakini mwenye pumu au mzio hana bahati hiyo. Vijimbegu vya kuvu havionekani kwa macho, vinaelea hewani, na kifua changu huvipokea kama adui. Daktari aliponisikiliza aliniambia jambo moja ambalo liliongoza kila nilichofanya baadaye: kuiua kuvu hakutoshi. Hata iliyokufa inaweza kumuumiza mwenye mzio, kwa hiyo ni lazima iondoke.

Wengi waliniuliza kuvu imetoka wapi ilhali Kajiado ni nchi kavu. Jibu liko chini ya miguu. Kitengela imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na mvua ikinyesha hufura na kushika gari hadi ekseli. Anayejenga vizuri hapa huanza kwa kuuchimba na kuutoa wote, anajaza mawe na maramu, anatandaza nailoni nzito kabla ya kumwaga zege, na chini ya kuta anaweka ukanda wa kuzuia maji yasipande. Anayejenga kwa haraka huruka mojawapo ya hatua hizo. Na mji wetu umekua kwa haraka. Palipokuwa malisho ya ng'ombe na mapito ya nyumbu na punda milia watokao Mbuga ya Nairobi, sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000.

Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilileta mafuriko karibu nchi nzima. Mto Athi ulivunja kingo, na shule zilizopaswa kufunguliwa mwishoni mwa Aprili zilikaa zimefungwa hadi katikati ya Mei. Kwetu maji hayakuingia mlangoni, nasi tukamshukuru Mungu. Kumbe yaliingia kwa chini. Ukuta usio na kizuizi hunywa maji kutoka ardhini kama utambi unavyonywa mafuta ya taa, na kabati kubwa lililosukumwa hadi likagusa ukuta huo linaufungia hewa. Mwanzoni nilijipa moyo kwamba ni chumvi, maana maji ya visima vya hapa ni ya chumvi na kuta nyingi hutoa unga mweupe. Chumvi ukiigusa kwa kidole kilicholowa huyeyuka. Hii haikuyeyuka. Ilinipaka kidole masizi.

Mwenye nyumba alimtuma fundi na ndoo ya rangi. Nilikataa kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka iishe. Baada ya siku kumi na moja mizunguko ilikuwa imechungulia tena katikati ya rangi mpya. Wakati huo sikuwa najua habari ya Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyefariki Desemba 2020 huko Rochdale, Uingereza. Baba yake, mhamiaji kutoka Sudan, alipolalamikia kuvu mara ya kwanza aliambiwa aipake rangi. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo akaamua kwamba kuvu ya nyumba ile ndiyo iliyomuua, na Waingereza wakatunga sheria inayoitwa kwa jina la mtoto huyo. Kwetu, ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya makazi bora, na Sheria ya Afya ya Umma inaihesabu nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya kuwa kero ya kuondolewa. Maneno hayo yamekuwepo siku zote. Mpangaji anayeyataja mbele ya msimamizi wa ploti bado simjui.

Tuliamua kuhama, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Kuhama na vitu vyenye kuvu ni kuhama na kuvu yenyewe.

Wifi yangu alikuja kutoka Nairobi kusaidia, na jambo la kwanza alilofanya ni kunitoa nje. "Wifi, wewe kaa pale chini ya mti utuelekeze kwa mdomo. Mkono wako hautakiwi hapa." Alisema kweli. Mwenye kifua kibovu ndiye mtu wa mwisho anayefaa kuisafisha kuvu, na nimeona akina mama wengi wenye pumu wakijifunga leso puani na kukwangua kuta wenyewe kwa sababu hakuna mwingine. Yeye na mume wangu walivaa barakoa na glavu, wakafungua madirisha, wakatoa kitu kimoja baada ya kingine. Hawakutumia ufagio wala brashi kavu, kwa sababu ukiipangusa kuvu ikiwa kavu unairusha hewani chumba kizima. Walitumia matambara yaliyolowa, na kila tambara likichafuka liliingia kwenye mfuko wa plastiki badala ya kurudi kwenye ndoo.

Nilikuwa nimepanga kichwani vitu vya kuokoa kwa kufuata bei: makochi kwanza, kisha godoro, kisha kabati la nguo lililokuwa jipya. Kufikia saa sita mchana orodha yangu ilikuwa imepinduka. Sufuria, vikombe, jiko la gesi, ndoo, fremu ya kitanda cha chuma, cherehani ya Mama ya chuma kizito, vyote vilioshwa kwa maji moto na sabuni vikang'aa, kwa sababu kuvu haina pa kuingia. Imekaa juu tu, na kilichokaa juu hutoka. Makochi ya bei yalikuwa yamekwisha. Ukibonyeza mto wake ulitoa pumzi ya uvundo, na hakuna sabuni inayofika katikati ya sponji. Kabati jipya la nguo lilikuwa la unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Miguu yake ilikuwa imefura kama mkate uliochovywa kwenye chai, ukibonyeza kwa kidole gumba inamumunyika. Zulia nalo likaenda. Kila kitu kilichoweza kunywa maji hadi moyoni tulikiacha.

Godoro ndilo lililonishinda. Lilikuwa la futi tano kwa sita, inchi nane, halijamaliza miaka miwili, na upande wa juu ulikuwa msafi. Walipolisimamisha, upande wa chini ulikuwa na madoa ya kijivu, mstari baada ya mstari, kila ubao wa chaga ukiwa umeacha alama yake. Nikasema tulianike. Mume wangu akasema jua litakausha ngozi ya godoro, ndani halifiki. Tulikuwa bado tunabishana alipopita kijana wa mkokoteni, mmoja wa wale wanaookota chuma na chupa, akasimama.

"Mathe, hilo mnatupa? Nipe mimi."

Nikamwambia lina kuvu, litamharibu kifua. Aliligeuza, akatazama yale madoa, akaligeuza tena upande wa juu.

"Mathe, mimi nalalia katoni."

Alisema bila hasira, na sikupata la kujibu. Wifi alikuwa ameshashika kisu, maana tulikubaliana kwamba chochote kibovu kitakatwakatwa ili kisiokotwe na kuuzwa kwa mtu asiyejua. Magodoro na makochi huzunguka sana katika mji huu, na anayenunua kitu kilichotumika jioni, chini ya taa hafifu, haoni mgongo wake. Tulilikata. Kijana alisimama akitazama hadi vipande vya mwisho. Nikampa shilingi elfu mbili nilizokuwa nazo, ambazo hazikutosha godoro, pamoja na fremu ya kitanda iliyokwisha kuoshwa. Najua wapo watakaosema ningemwacha aamue mwenyewe, yeye ni mtu mzima na usiku wake ni wake. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Nilikuwa nimekaa kitako zaidi ya usiku ishirini nikitafuta pumzi, na sikuweza kuushika usiku kama ule na kumkabidhi mtu mwingine mkononi.

Nguo zilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Maji ya moto, sabuni nyingi, jua kali pande zote mbili, kisha pasi. Leso za Mama zilipona zote. Nyeupe zilipata jiki, na hapa nitatoa onyo kwa sababu jirani mmoja alitaka kunisaidia kwa kuongeza siki kwenye beseni hilohilo: jiki ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaweza kumlaza hata mwenye kifua kizima. Blanketi la sufi tuliliosha mara tatu, na bado kila nilipolikaribia pua ilianza kuwasha. Nililiacha. Viatu viwili vya ngozi pia.

Karatasi zina mambo yake. Vyeti vyangu vilivyokuwa kwenye bahasha ya kaki vilikuwa na madoadoa ya hudhurungi, lakini kile nilichokuwa nimekivika plastiki miaka ya nyuma kilitoka kama kilivyoingia. Albamu ya picha ilikuwa imegandana. Vyote hivyo vilikwenda saiba kabla ya kitu kingine, vikapigwa skani, na picha nikawatumia ndugu zangu wote ili nisiwe mtunzaji wa pekee. Vitabu nilivichambua kwa ukali. Kama kitabu kinapatikana tena dukani, hakuna haja ya kukilipia kwa pumzi.

Tulihamia Kajiado mjini Agosti, kiasi cha kilomita 50 kusini kwa barabara ileile ya Namanga, ukishapita Isinya. Jina la Kajiado limetokana na Kimaasai, Ol-keju-ado, mto mrefu, ingawa sehemu kubwa ya mwaka ukitafuta maji kwenye mto wenyewe utakuta mchanga. Nyumba tuliyoipata iko kwenye mwinuko na ina madirisha pande mbili. Hakuna kilichoingia ndani siku ile isipokuwa vyombo, nguo zilizopigwa pasi na godoro jipya. Vingine vyote vilikaa barazani wiki mbili, kwenye jua na upepo, kisha nikaketi karibu na kila kimoja jioni nzima. Nikiamka asubuhi na kifua chepesi, kinaingia.

Jirani yetu wa upande wa pili wa ua ni bibi wa Kimaasai ambaye watoto wote wa hapo humwita Yeyo. Asubuhi ya kwanza nilimsalimu "Takwenya," akajibu "Iko," akatazama barazani na kuuliza kwa Kiswahili kwa nini vyombo vyangu vimefukuzwa nyumbani. Nilipomweleza, hakucheka. Akaniambia nyumba ya Kimaasai aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe hufunguka ufa mvua ikizidi, na kazi ya mwanamke ni kupanda juu kuikandika tena kabla unyevu haujazoea. Kabla haujazoea: sijasikia maelezo mazuri zaidi. Wataalamu wanasema kitu kilicholowa kinahitaji saa 24 hadi 48 tu ili kuvu ianze kuota. Sisi tuliuacha unyevu ukazoea miezi mitatu nyuma ya kabati.

Yeyo ndiye aliyenikumbusha magadi. Nilikuwa nanunua sabuni za bei kusugulia rafu, naye akaingia kwake na kurudi na kipande cha magadi yaleyale ya kupikia maharage. Ziwa Magadi lenyewe liko ndani ya kaunti hii, na kampuni imekuwa ikichimba magadi huko tangu 1911. Ukiyayeyusha katika maji moto na kutia sabuni kidogo, yanakata uchafu na utando wote juu ya rafu za chuma na za plastiki. Lakini mikono ivae glavu, maana yanachuna ngozi. Sikuyatia kwenye kabati, kwa sababu yanafanya mbao za mvule ziwe nyeusi.

Kabati la Baba lilibaki mwisho. Baba alikuwa seremala, na alilitengeneza mwaka 1979, kabla ya harusi yake na Mama, kwa mvule wa kwetu magharibi. Mvule hauozi kirahisi, na hata maji yalipopanda nguzo zake zilibaki imara. Kuvu ilikuwa imekaa juu ya ngozi yake tu. Lililooza lilikuwa plaiwudi ya mgongo, ambayo niliongeza mimi mwenyewe miaka kumi iliyopita wakati ubao wa asili ulipopasuka, na karatasi niliyobandika ndani ya droo kwa urembo. Vitu nilivyoongeza ndivyo vilivyobeba ugonjwa.

Fundi mmoja wa Kajiado alikubali kuling'oa mgongo, kuliosha lote kwa sabuni, kulikausha siku nane kivulini na kulipiga msasa. Nilimwambia avae barakoa nzuri, kwa sababu vumbi la mvule lenyewe linaweza kuwaletea maseremala pumu. Kwa sababu hiyohiyo mimi sikuweza kuwepo. Nilisimama upande wa pili wa ua, karibu na mlango wa Yeyo, upepo ukitoka mgongoni kwangu.

Alifanya kazi kama saa moja, kisha akasimama na kuniita. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba siwezi kusogea. Akapiga picha kwa simu na kumtuma mtoto ailete.

Chini ya karatasi ya droo ya juu, kwenye mbao yenyewe, palikuwa na mwandiko wa Baba kwa penseli. Inchi kumi na nane na nusu. Inchi kumi na nne. Mstari wa kukatia, na pembeni yake hesabu ndogo ya kutoa, ambayo alikosea, akaikata, akaiandika upya. Na juu ya mwandiko huo, kama wingu, ulikuwa umetanda ukungu wa kijivu, umefunika ile nne.

"Fundi anauliza apige msasa hapo au aruke," mtoto akasema.

Nilikuza picha kwa vidole viwili nikaitazama muda mrefu. Niliihifadhi, nikawatumia ndugu zangu papo hapo. Yeyo alikuja kusimama karibu nami, akaitazama simu, asiseme kitu.

"Mwambie apige," nikasema. "Asiruke."

Mtoto akakimbia kurudi. Msasa ukaanza tena, na tukakaa pale na Yeyo hadi ulipokoma.